Jinsi ya Kulinda Figo Baada ya Kupandikizwa Mapafu

Mtu aliyepandikizwa mapafu hutoka hospitalini na hofu moja kubwa, kwamba mwili wake utayakataa mapafu mapya, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kiungo ambacho mara nyingi huanza kudhoofika bila kutoa sauti ni figo, ambazo hata hazikuguswa na kisu cha upasuaji. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia watu 69,321 waliopandikizwa viungo vingine visivyo figo nchini Marekani kati ya mwaka 1990 na 2000, na ukaonyesha kwamba takriban asilimia 16 ya waliopandikizwa mapafu walikuwa na ugonjwa mkubwa wa figo ndani ya miaka 5. Waliohesabiwa hapo ni wale tu ambao uchujaji wa figo zao ulishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, au waliofikia kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Wenye upungufu mdogo kuliko huo ni wengi zaidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na kwa yule anayemuuguza nyumbani. Kubadilisha dozi si kazi yenu, ni kazi ya daktari. Kazi yenu ni kuona mabadiliko mapema na kuyasema siku ileile, kwa sababu figo iliyobanwa kwa siku tatu kwa kawaida hurudi katika hali yake, lakini iliyobanwa kwa miezi mitatu huenda isirudi.

Madhara hutoka wapi

Baadhi ya watu huingia chumba cha upasuaji figo zao zikiwa tayari zimechoka: wamekaa miaka na oksijeni pungufu, wana presha ya juu au kisukari, au wametibiwa mara nyingi kwa antibiotiki kali, jambo la kawaida kwa wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito. Wakati wa upasuaji presha hushuka, wengine huwekwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na damu inayofika kwenye figo hupungua. Baada ya hapo huja mvutano ambao mgonjwa ni vizuri auelewe. Mapafu mapya yamekatwa njia zake za limfu, zile zinazoondoa maji ya ziada, kwa hiyo hujaa maji upesi, na madaktari huyaweka makavu kwa furosemidi, dawa ya kukojoza, na kwa kubana vinywaji. Pafu linataka ukavu na figo inataka maji. Ndiyo maana figo kuumia ghafla katika wiki ya kwanza au ya pili ni jambo linaloonekana mara kwa mara, na wachache huhitaji kusafishwa damu kwa muda. Wengi wao hupona, ingawa figo iliyoumia mara moja huwa rahisi zaidi kuumia tena.

Sababu ya muda mrefu ni dawa zenyewe za kuzuia mwili kuyakataa mapafu. Siklosporini iliidhinishwa Marekani mwaka 1983, mwaka uleule ambao timu ya Joel Cooper mjini Toronto ilifanya upandikizaji wa pafu wa kwanza ambao mgonjwa wake aliishi kwa miaka. Bila dawa hiyo na mwenzake takrolimusi, tiba hii isingefika hapa ilipo. Hata hivyo, dawa hizi mbili hubana kimshipa kidogo kinachoingiza damu kwenye kila kichujio cha figo. Mwanzoni ubanaji huo hulegea dozi inapopunguzwa, lakini miaka inapopita huacha makovu yasiyofutika. Jambo jingine ni kwamba waliopandikizwa mapafu kwa kawaida hulengewa kiwango cha dawa kilicho juu kuliko waliopandikizwa figo, kwa kuwa mapafu hukutana na hewa ya nje na vijidudu vyake kila unapovuta pumzi, na hukataliwa kwa urahisi zaidi. Hivyo daktari anaposita kupunguza takrolimusi ingawa kipimo cha figo kimepanda, usidhani amepuuza. Anapima hasara mbili kwenye mizani moja.

Ijue namba yako mwenyewe

Kipimo kikuu ni kreatinini, taka inayotokana na misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Figo zikilegea, kreatinini hupanda kwenye damu, na kutokana nayo maabara hukadiria kasi ya uchujaji. Kasi iliyokaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa ugonjwa sugu wa figo, na chini ya 30 ni hatua inayohitaji daktari wa figo bila kuchelewa.

Kosa linalofanywa sana, hata na baadhi ya watumishi wa afya wasiozoea wagonjwa hawa, ni kutazama kama jibu limeangukia ndani ya kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni mwa karatasi. Chukua mtu ambaye kreatinini yake ya kila mara ni mikromoli 70 kwa lita, na leo ni 105. Katika maabara nyingi, kwa mwanamume, 105 haiwekewi alama yoyote ya hatari. Lakini kwa mtu huyu imepanda kwa nusu nzima, na ikiwa imepanda hivyo ndani ya siku 7, hiyo ni figo iliyoumia ghafla kwa vigezo vinavyokubalika kimataifa. Vigezo hivyohivyo huhesabu pia ongezeko la mikromoli 26.5, sawa na miligramu 0.3 kwa desilita, likitokea ndani ya saa 48. Kwa hiyo unapaswa kuijua kwa kichwa namba yako ya kawaida, ile ya siku ambazo huumwi, kama unavyojua uzito wako.

Namba hiyo nayo ina hila yake. Mtu aliyekonda na kupoteza misuli kwa ugonjwa wa muda mrefu hutoa kreatinini kidogo, hivyo jibu lake linaweza kupendeza huku figo zikiwa hoi. Miezi michache baadaye, anapokula vizuri na kufanya mazoezi, misuli hurudi na kreatinini hupanda kidogo bila figo kuharibika. Pakiwa na shaka, daktari anaweza kuagiza kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli. Hicho nacho hupandishwa na prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha kukitegemea kwa macho yaliyofumbwa.

Weka daftari. Si lazima liwe la kupendeza, lakini liwe na safu za tarehe, kreatinini, kasi ya uchujaji, potasiamu, magnesiamu, kiwango cha takrolimusi au siklosporini, uzito, presha, na safu pana ya mwisho iitwayo «Kipya». Humo andika kila kilichobadilika: dawa iliyoongezwa au kuachwa, kuhara, safari, homa, jino lililong'olewa. Tazama mistari mitatu ya mfano. Tarehe 3, kreatinini 88, takrolimusi 9. Tarehe 10, safu ya mwisho inasema vorikonazoli imeanza kwa ajili ya fangasi. Tarehe 17, kreatinini 121, takrolimusi 19. Anayeliona daftari hilo hahitaji kuuliza maswali kumi, kwa sababu mhusika ameandikwa katika mstari wa kati. Bila safu hiyo, namba mbili za kreatinini peke yake zinaweza kumfanya daktari mgeni azunguke siku nzima akitafuta sababu.

Pamoja na damu, omba mkojo upimwe albumini, aina ya protini, angalau mara moja kwa mwaka. Madhara ya takrolimusi na siklosporini kwa kawaida hayavujishi protini nyingi, hivyo ikionekana nyingi, sababu nyingine itafutwe, kama vile kisukari, na pengine kipande kidogo cha figo kichukuliwe kwa uchunguzi.

Asubuhi ya kutolewa damu

Hili ni dogo lakini huharibu mengi. Kiwango cha takrolimusi hupimwa kikiwa chini kabisa, yaani karibu saa 12 baada ya dozi iliyotangulia kwa dawa ya kumezwa mara mbili kwa siku, au saa 24 kwa ile ya mara moja. Ukimeza dozi ya asubuhi ndipo uende maabara, jibu litakuja juu bila sababu ya kweli, daktari anaweza kupunguza dozi, na mapafu yakabaki bila ulinzi wa kutosha. Beba dawa mfukoni, toa damu, kisha umeze palepale. Iwapo umesahau ukameza kwanza, sema wazi na saa uliyomeza iandikwe kwenye fomu. Ni heri aibu ya dakika moja kuliko jibu linalopotosha.

Hakikisha pia kwamba duka la dawa halijakubadilishia aina. Takrolimusi ya mara moja kwa siku na ile ya mara mbili si kitu kimoja hata kama miligramu zinalingana, na kubadilishana kwa makosa kumewaponza wengi. Pakiti ikiwa na rangi au umbo usilolijua, usiifungue kabla ya kuuliza.

Dawa zinazogombana

Takrolimusi na siklosporini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja kilichoko kwenye ini na utumbo. Dawa yoyote inayokizuia kimeng'enya hicho huzipandisha, na inayokichochea huzishusha. Wazuiaji wanaojulikana zaidi ni dawa za fangasi za jamii ya vorikonazoli, itrakonazoli na posakonazoli, antibiotiki za klarithromisini na erithromisini, na dawa za presha za diltiazemu na verapamili. Nguvu yao si ndogo: maelekezo ya vorikonazoli yenyewe yanataka dozi ya takrolimusi ishushwe hadi theluthi moja ya ile ya awali siku dawa hiyo inapoanza. Balungi, tunda au juisi yake, nalo humo. Upande wa pili, rifampisini ya kifua kikuu pamoja na fenitoini na karbamazepini za kifafa hushusha kiwango kiasi cha kuyaacha mapafu wazi.

Wengi hukumbuka kuuliza dawa mpya inapoanza, na husahau inapokwisha. Siku dawa ya fangasi inapoachwa, takrolimusi iliyokuwa imepunguzwa kwa ajili yake huanza kushuka, na dozi isiporudishwa juu, mapafu hukaa bila kinga ya dawa. Kwa hiyo damu ipimwe mwanzoni na mwishoni, na tarehe zote mbili ziingie daftarini.

Kundi la pili haligusi kiwango cha takrolimusi bali huipiga figo moja kwa moja. Kubwa kati yake, kwa sababu huuzwa bila cheti, ni dawa za maumivu za ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni. Figo iliyobanwa kimshipa chake cha kuingiza damu huishi kwa kutegemea kemikali za mwili zinazokilegeza kimshipa hicho, na dawa hizi huzizima kemikali hizo. Vidonge vya mafua vya mchanganyiko navyo vinaweza kuwa na ibuprofeni ndani yake, hivyo soma maandishi madogo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi iliyoelekezwa ndiyo salama zaidi kwa figo, ila kwa anayejichunguza homa inaweza kuificha, kwa hiyo pima joto kwanza ndipo umeze.

Hospitalini kuna nyingine ambazo wakati mwingine haziepukiki: gentamisini na amikasini, vankomisini, amfoterisini B, na dawa ya kontrasti inayochomwa kabla ya baadhi ya picha za CT. Mgonjwa hana haja ya kuzikataa, kwa maana maambukizi ya mapafu yasiyotibiwa huua. Aseme tu kwa kila anayemhudumia kwa mara ya kwanza, «Nimepandikizwa mapafu, natumia takrolimusi, na kreatinini yangu ya kawaida ni kadhaa.» Sentensi hiyo moja humfanya daktari achague dawa nyingine ikiwepo, au apunguze dozi na kupima damu mara kwa mara. Valgansikloviri inayozuia virusi vya saitomegalo nayo hupimwa dozi yake kwa kasi ya figo, na figo ikishuka bila dozi kushushwa, chembe nyeupe za damu huporomoka.

Kotrimoksazoli, ambayo wengi huimeza kwa muda mrefu kuzuia nimonia ya pneumosistisi, hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, na pia hupandisha potasiamu. Ikikutana na takrolimusi, ambayo nayo huzuia potasiamu kutoka, na juu yake ikaongezwa dawa ya presha kama enalaprili au losartani, potasiamu inaweza kufikia kiwango cha kuvuruga mapigo ya moyo. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Usiziguse. Na dawa za mitishamba za kuongeza kinga ya mwili hazina nafasi kwa mtu anayemeza dawa za kuishusha.

Siku ya kuhara na kutapika

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mgonjwa jambo moja tu, ningechagua hili. Watu hudhani kwamba anayehara anapoteza dawa, kwa hiyo kiwango chake kitashuka. Kwa takrolimusi hutokea kinyume: utumbo uliochubuka hupoteza uwezo wake wa kuivunja na kuisukuma nje dawa, hivyo nyingi zaidi huingia kwenye damu. Mtu huyohuyo anapoteza maji, presha yake imeshuka, pengine bado anameza furosemidi na losartani kama ilivyoandikwa, na sasa takrolimusi imepanda maradufu. Katika siku mbili au tatu figo inaweza kubanwa kutoka pande zote.

Kwa hiyo kuhara kunakozidi siku moja, au kutapika kunakomfanya ashindwe kubakiza dawa tumboni, kusisubiri miadi. Piga simu kwa timu ya upandikizaji siku hiyo, ukiwa na daftari mkononi, uulize kama damu ipimwe leo kreatinini, potasiamu na kiwango cha dawa. Uliza pia kama dawa ya kukojoza na ya presha zisimamishwe kwa muda. Uliza na mgonjwa anywe kiasi gani. Usisimamishe takrolimusi wala prednisoloni kwa uamuzi wako. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, eleza dakika zilizopita na kama umekiona kidonge, na usirudie dozi bila kuelekezwa.

Dalili nyingine za kupiga simu mara moja ni mkojo kupungua waziwazi, miguu au uso kuvimba, uzito kuongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili, mikono kutetemeka kuliko kawaida, na kuumwa kichwa kikali presha ikiwa juu. Mapigo ya moyo yanayoruka au udhaifu wa ghafla wa misuli ni wa kwenda hospitali moja kwa moja. Kupumua kwa shida kuna sura mbili kwa mtu huyu, kwani inaweza kuwa mapafu yanakataliwa au yana maambukizi, na inaweza kuwa figo zimeshindwa kutoa maji nayo yamepanda mapafuni. Nyumbani huwezi kuzitofautisha, hivyo usijaribu. Na usitegemee dalili peke yake: figo hazina mawingu ya kutangaza mvua, na wengi hupoteza nusu ya uwezo wake bila kusikia chochote. Vipimo vya damu vya kila ratiba vifanywe hata siku unazojisikia mzima kabisa.

Presha, sukari na maji

Presha hupandishwa na dawa zilezile, kisha nayo huimaliza figo iliyokwisha kubanwa. Ipime nyumbani asubuhi na jioni, ukiwa umekaa dakika tano, mkono ukiegemea mezani. Madaktari wengi hulenga chini ya 130 kwa 80. Amlodipini hutumika sana kwa kuwa haidhoofishi figo wala haigongani sana na takrolimusi. Enalaprili na losartani hufaa zaidi protini inapovuja, ila damu ipimwe upya baada ya wiki moja au mbili. Sukari nayo hupanda kwa prednisoloni na takrolimusi hata kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari, na inahitaji kupimwa kwa ratiba. Punguza chumvi. Kiasi cha maji apewe mgonjwa mwenyewe na timu yake, maana ushauri wa jumla wa kunywa maji mengi unaweza kumdhuru mwenye mapafu yanayojaa.

Figo zikiendelea kushuka

Kasi ikishuka hatua kwa hatua licha ya yote haya, kuna njia kadhaa. Baadhi ya vituo hushusha takrolimusi hadi kiwango kidogo na kuongeza everolimusi au sirolimusi, dawa nyingine za kuzuia mwili kuyakataa mapafu, ambazo hazibani kimshipa cha figo. Hazianzishwi mapema, kwa sababu huchelewesha kidonda kupona na zimewahi kufumua mshono wa njia ya hewa zilipotumiwa katika miezi ya kwanza. Pia zinaweza kuongeza protini kwenye mkojo na kuleta uvimbe ndani ya mapafu yenyewe, hivyo mwenye protini nyingi mkojoni huenda asifaidike. Mabadiliko haya huleta matunda zaidi yakifanywa kabla makovu hayajakomaa, na hiyo ni sababu ya kumwona daktari wa figo wakati kasi bado iko 40, bila kungoja ifike 15.

Kasi inapokaribia 20, mazungumzo ya kusafishwa damu na ya kupandikizwa figo yaanze pamoja. Aliyepandikizwa mapafu anaweza kupandikizwa figo ikiwa mapafu yake yanafanya kazi vizuri, na ndugu wa karibu aliye tayari kutoa figo moja hufupisha mno kusubiri. Upimaji wake huchukua miezi, kwa hiyo aanze akiwa bado hahitajiki kwa haraka. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ichunguzwe kama bado inafanya kazi. Na kuanzia sasa, kila unapotolewa damu au kuwekewa dripu, toa mgongo wa kiganja, au mkono ule unaoandikia. Mishipa ya mkono mwingine, kuanzia kifundo hadi kiwikoni, iachwe bila kuchomwa, kwa sababu huko ndiko daktari wa upasuaji atakakounganisha mishipa ya kusafishia damu, iwapo siku hiyo itafika.